Mtu Mmoja Katika Uwanja Mweupe

Nina shahada mbili, na moja ina neno takwimu ndani yake, lakini mtu aliyenifundisha kuhesabu watu ni mama mmoja aliyekuwa akiuza togwa Ngokolo, Shinyanga, katika miaka ya hamsini. Chuoni walinifundisha kutafuta wastani. Yeye alinifundisha swali linalotangulia, yaani nani ahesabiwe na nani asihesabiwe, na mpaka leo sijakutana na profesa aliyelijibu kwa ukali kama wake.

Siku hizo nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya kati, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kaptula mbili za kaki zilizopigwa pasi mpaka zikaweza kusimama zenyewe, na mwenye maoni juu ya kila jambo. Kila Jumamosi mchana nilikwenda barazani kwa fundi cherehani mmoja, mtu wa Kishapu, mkimya, mwenye mabega mapana ambayo hayakufanana na kazi ya sindano. Hapo tulikutana wanne. Fundi mwenyewe, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, aliyekuja na koti lake jeupe hata siku za mapumziko, yule mama wa togwa, ambaye wote tulimwita Mama Mapacha kwa sababu alijaliwa kuzaa mapacha, na mimi na daftari langu.

Tulichokuwa tukizungumza ni ngoma. Nasema ngoma, na msomaji wa pwani atafikiri tulikuwa wapenzi wa muziki. La. Tulikuwa wapenzi wa matokeo.

Usukumani, pamba ikishavunwa na kuuzwa, ndipo msimu wa mashindano unapoanza. Kuna jamii mbili kubwa za wacheza ngoma, mahasimu tangu enzi za babu zetu, na sitazitaja hapa, maana wazee wa pande zote mbili bado wapo na hawasahau. Siku ya mashindano kila upande huleta manju wake, yule anayetunga nyimbo na kuongoza, na pande mbili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na duara lake, hatua mia mbili hivi kati yao. Hakuna mwamuzi wala kombe. Watazamaji wako huru kwenda watakako, na jua likishuka, aliyezungukwa na watu wengi zaidi ndiye mshindi. Basi manju hufanya kila kitu kuwavuta: nyimbo mpya, dawa, chatu shingoni, kejeli kwa mpinzani, hata kutembea kwa mikono. Mtu mmoja akihama upande kwenda mwingine, vumbi la nyayo zake lina maana.

Ni nani aliyewahi kuvuta watu kwa wimbo mmoja tu bila kupiga ngoma? Manju gani alishindwa asubuhi akashinda jioni siku tatu mfululizo? Nani aliwahi kumvuta mke wa mpinzani wake mwenyewe? Hayo ndiyo maswali tuliyoulizana, na majibu yake tuliyajua kama watu wengine wanavyojua majina ya watoto wao. Dresa alikuwa na kipaji cha kukumbuka hali ya hewa. Ukimtajia shindano lolote atakwambia upepo ulivuma kutoka wapi, na kama ulisaidia sauti ya upande gani. Mimi nilichora safu kwa wino mwekundu na kuandika: mahali, manju, watu asubuhi, watu jioni, sababu. Katika safu ya sababu kuna mahali nimeandika "mvua", "chatu alitoroka", na mahali pamoja, kwa mwandiko wangu wa kiualimu kabisa, "mbuzi".

Shida ilikuwa kuhesabu. Je, muuza miwa ni mtazamaji, au yuko kazini? Je, mlevi aliyelala ndani ya duara ahesabiwe? Mama Mapacha alisema asihesabiwe, kwa kuwa mtu aliyelala hajachagua upande. Dresa akauliza kuhusu mtoto mchanga mgongoni. Mimi nikasema asihesabiwe kwa sababu ile ile. Mama Mapacha akaweka kata chini.

"Mwalimu, wewe umewahi kubeba mtoto?"

Nikakiri kwamba sijawahi.

"Mtoto asipoipenda ngoma analia. Akilia, mama anaondoka. Sasa nani amechagua? Mimi nilisimama pale Kishapu na wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, na wote walinyamaza. Niandike watatu."

Nilimwandika watatu. Bado yupo katika daftari, watatu, na nyota ya maelezo chini ya ukurasa.

Lakini juu ya rekodi zote kulikuwa na moja tuliyoizungumza kwa sauti tofauti kidogo. Tuliiita uwanja mweupe. Ni pale manju anapovuta watu wote, wote kabisa, hata mpinzani wake akabaki anacheza na wacheza ngoma wake tu, bila mtazamaji hata mmoja. Katika daftari langu hazikuzidi vidole vya mkono mmoja, na kila moja ilikuwa na utaratibu wake wa kuthibitishwa. Ukiwa katikati ya umati mkubwa huwezi kuona upande wa pili. Kwa hiyo upande unaoshinda hutuma mtu wake mwaminifu, mpelelezi, aende mpaka kwenye duara la wapinzani, aangalie kwa macho yake, arudi atoe taarifa. Akisema hakuna mtu, basi ni uwanja mweupe, na wimbo hutungwa hapo hapo, na wimbo huo huimbwa kila msimu mpaka aliyeshindwa azikwe, na baada ya hapo huimbiwa watoto wake.

Nilichukua muda kugundua kwamba kila tulipofika kwenye uwanja mweupe wa Kishapu, fundi alikuwa akikanyaga cherehani yake kwa nguvu sana. Siku moja nilitazama chini ya sindano. Hapakuwa na nguo.

Mama Mapacha ndiye aliyenisimulia, fundi alipokwenda kununua nyuzi. Miaka ya mwanzo ya Vita vya Pili vya Dunia, fundi alikuwa kijana na mpigangoma mkuu wa manju mmoja wa Kishapu. Walikuwa wanashinda. Kisha, jua likianza kulegea, manju wa upande wa pili akamtoa fisi. Fisi mzima, wa kweli, kwa kamba, amevishwa koti lenye vifungo viwili vya shaba. Hata utunge nyimbo nzuri namna gani, huwezi kushindana na fisi mwenye koti. Watu waliondoka mmoja mmoja, kisha kumi kumi, kisha uwanja ukanyanyuka kama nyuki. Mpelelezi akatumwa, akaenda, akarudi, akasema hakuna mtu. Wimbo ukatungwa. Ulisema kwamba kule upande wa pili kuna mpigangoma hodari sana, mashabiki wake wote ni inzi, na inzi hao wanacheza vizuri.

Manju wake alikufa akiimbiwa inzi. Fundi aliacha ngoma, akahamia mjini, akajifunza ushonaji. Alinieleza baadaye, bila kuulizwa, kwamba lile koti la fisi lilikuwa limekatwa vibaya mabegani. Nimejiuliza mara nyingi kama ndiyo sababu alichagua kazi hiyo.

Tungeendelea kuchora safu zetu kwa miaka mingi kama binti wa fundi asingechumbiwa. Mchumba alikuwa kijana mzuri wa Kishapu, mpole, anayejua kusoma. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukoo wake wote ulikuwa wa upande wa pili, na baba yake mdogo ndiye manju wao. Wakaleta ujumbe wa furaha kwamba siku ya harusi watakuja Ngokolo na ngoma kamili, na wataimba nyimbo zao zote bila kupunguza hata mmoja.

Hawakuwa na nia mbaya. Kwao wimbo wa inzi ulikuwa kama sahani nzuri ya nyumbani, lazima itolewe wageni wakija. Lakini fundi alisema, bila kupandisha sauti, kwamba siku hiyo atakuwa Chato kumtazama kaka yake. Tulijua maana yake. Binti ataolewa, mahari imekwisha kupokelewa, na baba hatakuwepo nyumbani kwake kwa sababu ya wimbo.

Binti alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alikuwa msichana wa maneno machache kama baba yake.

"Baba akienda Chato," alisema, akitutazama sisi watatu na siyo yeye, "na mimi naenda Chato. Wakaoane wao na fisi wao."

Akaingia ndani. Fundi akakanyaga cherehani. Dresa akavua miwani akaifuta kwa koti. Nadhani hapo ndipo sisi, ambao kwa miaka miwili tulikuwa tunakusanya rekodi kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya chupa, tulipotambua kwamba rekodi moja ilikuwa ya mtu.

Fundi hakuwahi kuomba msaada maishani mwake, lakini jioni ile aliuliza swali. Alitaka kujua kama kuna njia ya kuwa na hakika. Yeye alikuwa kwenye ngoma, macho yake yalikuwa yamejaa jasho na, alivyosema, kitu kingine. Huenda kulikuwa na mtu nyuma ya mti mkubwa wa mgunga uliokuwa kando ya uwanja. Mtu mmoja tu. Mmoja akiwepo, uwanja si mweupe, na wimbo ni wa uongo, na wimbo wa uongo mtu anaweza kuukataa mbele ya watu.

Nikasema, kwa sauti yangu ya ubao wa darasa, kwamba shahidi wa pekee ni yule mpelelezi. Mama Mapacha alimjua. Siku ile alikuwa kijana mwenye baiskeli. Sasa alikuwa mpishi kwenye mgodi wa dhahabu Geita.

Shule ilipofungwa nikaondoka na fundi. Tulipanda treni mpaka Mwanza, tukavuka maji kwa pantoni, kisha lori mpaka Geita, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya mchele na mtu aliyebeba kuku watatu ambao, kwa mazoea, niliwahesabu. Fundi alikuwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe. Mabega yake yalikaa vizuri ajabu.

Geita ilikuwa imejaa watu kutoka kila pembe ya nchi, Waha, Wanyamwezi, Wajaluo, Wazinza, wanaokwenda kanisani na wanaokwenda msikitini, na wote walikula kwa zamu kutoka sufuria za mtu mmoja. Tulimkuta nyuma ya jiko, mtu wa miaka arobaini hivi, tumbo la heshima, mwiko mkononi mrefu kama kasia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kusonga ugali. Fundi alimwamkia kwa Kisukuma, na jinsi sauti ilivyomtoka, yule mpishi aligeuka.

"Wewe ni yule wa inzi," akasema.

Nilidhani safari imeishia hapo. Lakini alisema bila kejeli, kama mtu anayesema wewe ni yule tuliyesoma naye, na akatuvutia benchi.

Fundi hakuzunguka. "Ulipofika uwanjani kwetu siku ile, hukuona mtu yeyote?"

"Hakukuwa na mtu."

"Hata nyuma ya mgunga?"

"Nilikwenda nyuma ya mgunga. Ndiyo kazi niliyotumwa."

"Hata aliyelala?"

"Kulikuwa na mbwa," mpishi alisema baada ya kufikiri kwa uaminifu. "Naye aliondoka."

Fundi aliinamisha kichwa. Mimi, kwa aibu na kwa kukosa la kufanya, nilitoa daftari. Niliona kwamba kama tumesafiri umbali wote huo, angalau safu zijae. Nikamuuliza mpishi alifika saa ngapi. Akasema jua lilikuwa juu ya ule mlima mdogo. Nikamuuliza aliondoka saa ngapi. Akasema jua lilikuwa limegusa mlima.

Nikaandika. Kisha nikatazama nilichoandika. Mimi si mwepesi wa akili, nina karatasi za chuo kikuu kulithibitisha hilo, lakini hata mimi niliona kwamba kati ya jua la juu ya mlima na jua lililogusa mlima kuna muda mrefu kuliko wa kuangalia nyuma ya mti.

"Ulikuwa unafanya nini muda wote huo?"

Mpishi akakoroga ugali ambao haukuhitaji kukorogwa. "Kulikuwa na wimbo. Ule wa jembe. Nikasema wacha niusikilize mpaka mwisho, kisha nirudi. Ulipoisha wakaanza mwingine."

"Ulisimama wapi?"

"Mbele kabisa," alisema. "Nani angenizuia? Hakukuwa na mtu."

Fundi aliinua kichwa polepole sana.

"Mzee," nikasema, "kulikuwa na mtu mmoja."

"Nani?"

"Wewe."

Alifungua mdomo aseme kwamba yeye alitumwa, na alisema hivyo, mara mbili, kwamba yeye alikuwa wa upande wa washindi na alitumwa. Fundi ndiye aliyemjibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Walikutuma uangalie. Wimbo wa jembe walikutuma?"

Mwiko ukasimama. Nyuma yetu wachimbaji wa zamu walikuwa wamepanga foleni na sahani, na mmoja akauliza kwa Kiswahili cha kwao kama chakula kinapikwa au kinaombewa. Mpishi hakumsikia. Alikuwa anamtazama fundi, kisha akatazama mikono yake, na uso wake ukaanza kufunguka kutoka pembeni, na akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Miaka yote hiyo, alisema, alikuwa mtu pekee aliyejua kwamba ngoma ile ilikuwa nzuri, na hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu angeulizwa alikuwa anafanya nini huko.

Kisha akawa na hasira kidogo, na hasira yake ilitushangaza. Yeye ndiye aliyekwenda. Yeye ndiye aliyerudi na habari. Katika wimbo wa inzi kuna mpigangoma, kuna fisi, kuna koti, hata vifungo vimo. Yeye hayumo. Inzi wamo, yeye hayumo. Alikuwa amebeba jambo hilo moyoni muda wote, mpaka Geita.

"Nitakuja harusini," akasema. "Nitasema mbele yao kwamba nilisimama. Lakini waniweke kwenye wimbo."

Wachimbaji walikula wamechelewa siku hiyo, na ugali ulikuwa na mabonge. Naomba radhi kwao kwa niaba ya elimu.

Njiani kurudi, ndani ya treni, vidole vya fundi vilikuwa vinapiga goti lake, na abiria wa mbele yetu akaanza kutikisa kichwa bila kujijua. Mimi nilikuwa na furaha kubwa iliyochanganyika na hofu, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo. Kama mpelelezi aliyekwenda kuthibitisha kwamba uwanja ni mweupe ni mtu, na amesimama uwanjani, basi hakuna uwanja mweupe uliowahi kuthibitishwa. Kila mmoja ulikuwa na mtu ndani yake, yule yule aliyesema hakuna mtu. Safu yangu nzuri kuliko zote ilikuwa imeanguka.

Jumamosi niliwaeleza barazani nikiwa nimesimama, kama mtu aliyevumbua moto. Dresa alikunja uso.

"Mwalimu, mimi nikimwekea mgonjwa kipimajoto, siulizi kama kipimajoto nacho kina homa."

Nilikaa. Lilikuwa jambo la akili kuliko yote niliyowahi kusikia barazani pale, na halikuwa langu. Fundi alianza kutazama cherehani yake. Mama Mapacha alimaliza kummiminia mteja togwa, akapokea kikombe, akakisuuza.

"Kipimajoto chako," akamwambia dresa, "ukikitoa mgonjwa akiwa anasimulia hadithi, kinasema ngoja kwanza?"

Hivyo ndivyo kanuni ilivyopatikana, na niliiandika ukurasa wa mbele: mpelelezi anayeangalia na kuondoka ni chombo, anayebaki mpaka wimbo uishe ni mtazamaji. Chuo kikuu chote hakijanipa kanuni safi namna hiyo. Viwanja vingine vyeupe vilibaki katika daftari, na alama ya kuuliza mbele ya kila mmoja. Wa Kishapu niliufuta kwa wino mwekundu mbele ya fundi. Aliniomba niufute mara ya pili, kwa mkazo.

Siku ya harusi watu wa Kishapu walifika kama walivyoahidi, wengi, wamevaa manyoya na njuga, na manju wao mbele. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti chake nyumbani kwake, suti ile ile, mikono juu ya magoti. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, siyo mahali ambapo bibi harusi husimama, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame.

Kabla manju hajafungua mdomo, mpishi wa Geita akatoka mbele. Alikuwa amevaa kanzu mpya na alikuwa amekwisha kufanya mazoezi ya maneno yake, lakini yote yalimtoroka, akabaki kusema kwamba siku ile alikwenda, akasimama mbele kabisa, akasikiliza nyimbo mbili nzima na nusu ya tatu, na kwamba kama kuna mtu anayesema uwanja ulikuwa mweupe basi yeye mpishi hakuzaliwa.

Manju alimwita kando, wakaongea. Nikaona manju akiuliza kitu, mpishi akionyesha kwa mkono jua lilikuwa wapi. Manju akarudi, uso hausomeki, akaanza ule wimbo.

Inzi walikuja kama kawaida. Fisi akaja, na koti. Fundi aliweka mikono juu ya viegemeo kama mtu anayetaka kuinuka. Kisha manju akaongeza kipande ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, kwamba walimtuma mtu mwerevu sana akachunguze ngoma ya inzi, na mtu mwerevu akasahau njia ya kurudi, mdomo wazi, mpaka inzi mmoja akaingia humo kumwuliza kama amepata mahali pazuri pa kuonea.

Watu walianguka kwa kicheko, wa pande zote mbili. Mpishi wa Geita alitokwa machozi ya furaha, akaomba kipande hicho kirudiwe, na kikarudiwa, mara nne. Na fundi alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko mabega yake. Binti aliondoka nyuma ya kiti akaenda mahali pake.

Wenzake wa zamani wa Kishapu walikuwa wamekuja na ngoma moja, kwa bahati tu, walisema. Wakaiweka mbele yake. Alivua koti la suti, akalikunja kwa kufuata mishono yake, akampa dresa alishike. Akaanza wimbo wa jembe.

Nilijaribu kuhesabu. Naapa nilijaribu. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekwenda kufungua duara lao chini, kwenye uwazi wa soko, na walipoanza kupanda kuja kwetu nilihesabu arobaini, kisha sitini, kisha nikaona kwamba sikuwa nimeshika tena kalamu, na kwamba kaptula yangu ya kaki, iliyopigwa pasi kwa siku ile, ilikuwa vumbi mpaka kiunoni. Bwana harusi alikuwa hapo. Manju mwenyewe alikuwa hapo, na njuga zake, akijifanya anapita tu.

Dresa alinifikia kwa kusukumana, koti la fundi begani, miwani imepinda, akanipigia kelele sikioni kwamba kule sokoni hakusikiki kitu, na kama duara lao limebaki tupu, basi sisi tuna uwanja mweupe wa kwanza kutokea harusini, na kwa ajili ya Mungu mtu aende akaangalie. Nikamwambia aende yeye. Akasema ameshika koti. Nikamwomba Mama Mapacha, naye akanitazama kana kwamba nimemwomba akachote maji ziwani. Tukamgeukia mpishi wa Geita, mtu mwenye uzoefu.

"Mimi nimekwisha kutumwa mara moja," alisema, bila kuondoa macho kwenye mikono ya fundi. "Tumeni mwingine."

Hakuna aliyekwenda. Ukurasa ule bado ninao, na safu ya watu jioni iko tupu.